Watu wa Miti, na mche wa Mama uliokataa udongo wangu

MWEZI wa Machi mwaka juzi nilisimama kwenye kitalu cha miche kando ya barabara ya Namanga, nikiwa na hela kidogo mfukoni na ujinga mwingi kichwani. Nilikuwa nimehamia kwenye kiploti changu pande za Kitengela. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi, mabati yameshikana, stima imeingia. Kilichobaki ni ua. Msomaji wa safu hii anajua sizungumzii ua hili la kunusa, bali ua huu wa kuzungushia nyumba. Neno ni lilelile, ngeli ndizo zinazotofautiana. Mimi nilizihitaji zote mbili, maua na ua, pamoja na mti wa kivuli.

Kijana wa kitalu alikuwa mchangamfu. Alinitembeza katikati ya safu za miche akiitaja kama kondakta anayetaja vituo: gravelia, sipresi, botobrashi, palmu, jakaranda, kayaba. Kwa mazoea ya kazi nikamuuliza, "Na huu kwa Kiswahili unaitwaje?"

Alicheka. "Mwalimu, mti ni mti. Wewe niambie unataka kivuli, matunda ama mbao, nikupatie." Kisha akaniuliza maswali matatu ambayo sikuwa na majibu yake: udongo wa kwako ni wa aina gani, maji utatoa wapi kiangazi kikifika, na mbuzi wa majirani ni wangapi?

Niliondoka bila mche hata mmoja. Njiani nilikuwa bado nikiyatafuna maneno yake kwamba mti ni mti. Kijana alikuwa sahihi kuhusu ukulima, lakini kuhusu lugha sikukubaliana naye. Majina yale aliyoyataja kwa pumzi moja ni historia ya nchi hii iliyofungwa kwenye karatasi za nailoni. Kila mmoja ulitoka mahali, ukaletwa na mtu, kwa sababu fulani. Na sababu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mti mmoja utakufaa na mwingine utakupasulia ukuta.

Chukua mpera. Wengi wetu tumekua tukidhani mpera ni mti wa kwetu tangu Adamu. Asili yake ni Marekani ya kitropiki. Uliletwa katika pwani za Afrika katika enzi za Wareno, hao waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na jina lake linarandana na pera ya Kireno, ambayo kwao ni tunda tunaloliita peasi. Yaani tulipokea tunda moja tukalipa jina la tunda jingine, na halijawahi kulalamika. Mkanju, huo mti wa korosho, nao una jina linalotokana na caju ya Wareno, na Wareno wenyewe walilichukua kwa wenyeji wa Brazili. Mpapai na nanasi vilisafiri kwa njia hiyo hiyo.

Mwarobaini ulipitia upande wa pili wa bahari. Ni mti wa Bara Hindi, lakini jina tulilipika wenyewe: tulichukua arobaini ya Kiarabu, tukaibandika kiambishi cha miti, tukapata mti unaosemekana kutibu maradhi arobaini. Katika baadhi ya sehemu za Pwani unaitwa pia mkilifi. Hapo mgeni amekwisha kupewa kitambulisho cha kaunti!

Tazama jinsi lugha inavyofanya kazi. Kiswahili hakiulizi mti umetoka wapi. Kinaweka m- mbele yake na kuuingiza katika ngeli ya U-I, pamoja na mvule, mkuyu na mbuyu ulioanza kama mchicha. Mkaratusi, mjakaranda, mparachichi, yote inasema "mti huu, miti hii" bila ubaguzi. Laiti udongo nao ungekuwa mkarimu hivyo.

Bara, hadithi ya miti ya kigeni inaanzia kwenye reli. Garimoshi la kwanza lilikuwa na njaa ya kuni. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilitafuna misitu iliyokuwa kando yake, na serikali ya kikoloni ikaona haja ya mti unaokua haraka ili kulisha injini. Ndipo mkaratusi kutoka Australia ukaletwa, mwaka 1902. Mwaka 1907, Nairobi ikiwa bado mji wa mahema na mabati, pakatengwa shamba la majaribio la kuona ni miti ipi ya kigeni ingefaa kwa kuni za reli. Shamba hilo ndilo Arboretum, ambapo leo watu huenda kufanya mazoezi, kusali na kupigwa picha za harusi. Wengi wanaopumzika chini ya vivuli vyake hawajui kwamba walio juu yao ni wajukuu wa kuni.

Mkaratusi ulifanya kazi uliyoitiwa. Unarefuka haraka, unanyooka, unatoa nguzo za stima. Lakini Wakikuyu waliuchunguza wakaupa jina la munyua-mai, mnywa maji. Jina hilo lina maarifa ya ukulima kuliko vijitabu vingi nilivyosoma. Mwaka 2009, wakati wa ukame mkali, Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iliyopandwa karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Mabishano yakawa makali, kwa kuwa kwa mkulima mdogo mkaratusi ni karo ya shule inayosimama wima. Walioipanda kwenye kilima kikavu mbali na mto hawakuwa na kosa. Walioupanda ukingoni mwa kisima walikuwa wameuziwa mti bila kuambiwa jina lake. Kwenye kiploti cha futi hamsini kwa mia, mti huo hauna nafasi. Mizizi yake itatafuta maji, na maji ya karibu ni ya bomba lako na ya tangi la choo.

Na kayaba? Hilo neno limenifurahisha kwa miaka mingi. Huko Afrika Kusini kuna mto uitwao Kei, na pembezoni mwake huota kichaka chenye miiba mirefu na matunda ya manjano machachu, ambacho Waingereza walikiita tofaa la Kei. Walowezi waliotoka kusini wakakileta Kenya kuzungushia mashamba yao. Masikio ya Wakenya yakasikia "Kei apple", ndimi zikatamka kayaba, na neno likaota mizizi. Leo liko hata katika jina la mtaa wa mabanda wa Mukuru Kayaba, jijini Nairobi. Ua wa kumzuia Mwafrika asiingie shambani ukageuka jina la mahali Mwafrika anapoishi. Sijui kama kuna kamusi ya Kiswahili sanifu itakayothubutu kulikaribisha neno hili, lakini mtu yeyote aliyelazimika kulikata kwa panga hulijua. Walisema wahenga, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Nami naongezea kwamba kuupanda shimoni si kazi, ngoma ni kuupogoa kila mwaka usije ukawa msitu.

Jioni ile nilimpigia Mama simu, Kilifi. Nikamwambia nataka kupanda miti.

"Wapanda nini, mwanangu?"

"Sijaamua, Mama. Nataka mti mkubwa nyuma ya nyumba. Wa kudumu."

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na mwenye shamba amekubali?"

"Mama, mwenye shamba ni mimi. Hati iko kabatini."

"Aa," akasema. "Basi panda."

Niliposimulia kisa hiki kazini, wenzangu wa bara walicheka. Wale wa Pwani hawakucheka.

Pwani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Kwa desturi za Wamijikenda, mtu aliweza kuuza minazi bila kuuza udongo unaoishikilia, au kuiweka rehani mpaka alipe deni. Aliyepanda mnazi alikuwa ameweka sahihi yake ardhini, kwani mnazi huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Sasa zingatia yaliyotokea mwanzoni mwa karne iliyopita. Utumwa ulipigwa marufuku nchini mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kusajili hati za ardhi za Pwani. Waliokuwa na karatasi na waliojua njia ya ofisini walipata hati, na watu wengi wa Mijikenda pamoja na waliokuwa watumwa wakajikuta wakilima kwenye ardhi ya mtu mwingine. Wakaitwa maskwota.

Mwenye shamba alimruhusu skwota kulima mahindi, mihogo na kunde. Hayo hung'olewa baada ya msimu, na aliyelima naye huweza kung'olewa. Alichomkataza ni mti wa kudumu. Si mnazi, si mwembe, si mkanju. Alijua fika kwamba siku skwota atakapopanda mwembe, siku hiyo ameanza kudai. Kwa hiyo kuna familia zilizoishi mahali pamoja vizazi vitatu na hazina hata mti mmoja wa kuonyesha kwamba zilikuwapo.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alilima mihogo maisha yake yote chini ya miembe ya mtu. Mama anasema aliwahi kupanda koko la embe usiku nyuma ya jiko, likaota, na kabla halijafika magotini msimamizi wa shamba akaja na panga. Hakusema neno. Alikata, akaenda zake. Babu naye hakusema neno.

Usidhani bara palikuwa nafuu. Mbuni, yaani mti wa kahawa (tafadhali usiseme mkahawa, mkahawa ni pale unapoinywea), ulipandwa na wamishonari wa Kifaransa huko Bura, Taita, mwaka 1893. Lakini kwa miongo kadhaa Mwafrika hakuruhusiwa kuupanda kwa biashara, mpaka majaribio yalipoanza katika miaka ya 1930 huko Meru, Embu na Kisii. Walowezi walitoa sababu za magonjwa na ubora. Sababu ambayo haikutajwa sana ni kwamba mkulima mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma kahawa ya mlowezi kwa senti chache. Swali la "nipande mti gani nyumbani", ambalo mimi nililichukulia kuwa la urembo, kwa wazee wetu lilikuwa swali la sheria.

Katikati ya hayo kuna kisa kimoja ambacho kila mpenzi wa Kiswahili anafaa kukijua. Mwaka 1922, Mwingereza mmoja afisa wa misitu, Richard St. Barbe Baker, alikuwa akifanya kazi Ukikuyuni. Aliona vilima vinavyobaki uchi, akawahimiza wenyeji wapande miti. Anasimulia kwamba aliambiwa hiyo ni shauri ya Mungu. Wanasarufi watasema shauri ni la ngeli ya LI-YA, kwa hiyo ingekuwa "shauri la Mungu". Waache waseme. Hata wao wakikasirika husema "shauri yako!"

Jibu hilo lisitufanye tuwadhanie wazee kuwa wajinga wa miti. Wakikuyu waliuheshimu mugumo wasiuguse kwa shoka, na mipaka ya mashamba yao waliiwekea alama kwa mmea wa itoka. Walichokuwa wakisema, nadhani, ni kwamba msitu ulikuwa ukijiotea wenyewe kabla hamjaja na reli yenu. Baker alikuwa msikivu. Aliona kwamba jamii hii ina ngoma ya kupanda na ngoma ya kuvuna, akauliza mbona pasiwe na ngoma ya miti. Akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, ngoma hiyo ikafanyika Julai 22, 1922, mbele ya maelfu ya vijana. Hamsini kati yao wakachaguliwa, wakaahidi kupanda miti kumi kila mwaka, na kuitunza miti popote itakapokuwa.

Jina walilojipa ni Watu wa Miti.

Baker aliporudi kwao alianzisha chama hicho huko Uingereza, akalitafsiri jina hilo kuwa "Men of the Trees". Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapokuna kichwa. Neno "watu" halina mwanamume wala mwanamke. Ngeli ya A-WA haiulizi jinsia. Lakini neno lilipovuka bahari, wanawake walidondoka majini. Chama hicho kiliishi kwa jina hilo la kiume miaka mingi kabla ya kugeuzwa kuwa International Tree Foundation, jina lisilo na wanaume wala wanawake. Laiti wangelirudia la kwanza la Kiswahili, wasingehitaji kusumbuka.

Historia nayo ina kejeli zake. Miaka 55 baada ya ngoma ile, Juni 5, 1977, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba. Huo ndio mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Kati ya miti hiyo saba, si yote iliyookoka. Nadhani somo hilo halikumpotea, maana utaratibu uliofuata ulikuwa wa busara: wanawake vijijini walianzisha vitalu vyao, na walilipwa pesa kidogo kwa kila mche, ila si mche uliopandwa bali mche ulioishi. Wataalamu wa misitu walishangaa kwamba wanawake wasio na diploma wanaweza kazi hiyo. Kumbe wanawake hao walikuwa wamepanda maharagwe maisha yao yote, na mbegu ni mbegu. Mwaka 2004 Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na ulimwengu ukatambua kwamba watu wa miti wanaweza kuvaa leso.

Lakini si kila upanzi ni baraka. Katika miaka ya 1980 uliletwa Baringo mti mmoja wa Marekani ya Kusini na ya Kati ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Kitaalamu unaitwa prosopisi. Wenyeji waliuita mathenge. Haukuomba maji, haukuogopa jua, na haukujua mpaka. Uliziba malisho na njia za mito. Mbuzi waliokula maganda yake matamu waliharibika meno. Mwaka 2006 Wailchamus walikwenda mahakamani jijini Nairobi, na mmoja wa mashahidi wao alikuwa mbuzi asiye na meno. Watu walicheka magazetini. Mimi siku hizi nikiona mche unaosifiwa kwamba "haufi hata ukiusahau", namkumbuka yule mbuzi, nauacha palepale.

Haya, turudi kwangu Kitengela. Mama alipoelewa kwamba kweli shamba ni langu, hakungoja. Aprili alipanda basi kuja Nairobi akiwa amepakata mkebe wa mafuta ya kupikia, ndani yake mche wa mwarobaini aliouotesha mwenyewe uani pake. Usiku kucha hakuuweka chini. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba, futi mbili kwenda chini, nikaweka samadi, tukaupanda kwa sherehe. Mvua ya masika ikanyesha wiki tatu mfululizo.

Mche ukafa.

Kabla ya kumwambia Mama nilirudi kwa yule kijana wa kitalu. Akauliza swali lake la mwanzo: udongo ni wa aina gani? Udongo wangu ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao Wakenya tunauita "blaki koton". Ukinyeshewa hufura na kushika maji, ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Shimo nililolichimba lilikuwa karai. Maji yaliingia yasitoke, na mizizi, kama mapafu, inahitaji hewa. Isitoshe, mwarobaini ni mti wa joto la Pwani na wa udongo unaopitisha maji, na baridi ya Julai huku kwetu ingeusumbua hata kama ungeokoka. Nilikuwa nimechagua mti kwa moyo. Udongo hausomi moyo.

Nikampigia Mama. Nilitarajia alie. Akasema, "Mwanangu, hata sisi kuna vitu tulivyovikataa." Halafu akauliza, "Huko kwenyewe, kabla hamjajenga, palikuwa na mti gani?"

Swali hilo nilipaswa kuliuliza mwenyewe. Kabla ya ploti, palikuwa na migunga. Kando ya mabonde ya huku bado imesalia ile ya gome la manjano, inayong'aa jioni kama iliyopakwa mafuta. Mgunga huo hupenda udongo mweusi na hauogopi kusimama majini. Una miiba, kwa hiyo nimeupanda mbali na njia ya watoto, na mita kumi hivi kutoka ukutani. Safari hii sikuchimba karai. Nilichimba kwa upana, nikatenga udongo wa juu na wa chini, nikachanganya ule wa juu na samadi iliyooza vizuri, nikaurudisha mpaka ukawa kichuguu, nikapanda juu yake, nikatoa mfereji wa kupitisha maji. Karatasi ya nailoni niliichana yote. Niliwahi kuona mtu amepanda na karatasi yake, kisha akamlaumu shetani. Nikaweka matandazo ya nyasi kavu, lakini sikuyarundika kwenye shina, maana shina likilowa kila siku huoza. Miezi sita ya kwanza kulipokauka niliupa maji kwa kina mara mbili kwa wiki, badala ya kuunyunyizia kila jioni kama mtu anayetia chumvi. Maji ya juujuu huita mizizi juu. Nikauzungushia vijiti kwa ajili ya mbuzi, ambao sasa nimewahesabu: ni tisa.

Novemba 13, 2023, serikali ilitangaza sikukuu ya kupanda miti, na lengo ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sina ugomvi na lengo hilo. Nina ugomvi mdogo na kitenzi. Kila tangazo husema kupanda. Kiswahili kina kitenzi kingine ambacho tunakitumia kwa watoto, kwa mimba na kwa amani, nacho ni kulea. Vijana wale hamsini wa 1922 waliahidi vyote viwili. Akina mama wa 1977 hawakulipwa mpaka wakamilishe cha pili. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja yenye picha na hotuba. Kulea kunaanza wageni wakishaondoka na mvua ikishakatika. Laiti katika hesabu zetu tungehesabu miti iliyofikisha mwaka wa tatu, tungekuwa na takwimu fupi lakini zenye kivuli.

Mgunga wangu sasa umenipita urefu. Desemba iliyopita Mama alikuja, akauzunguka, akaugusa gome kwa kidole. Aliuliza kama unazaa chochote cha kula. Nikamwambia hapana, labda nyuki wataupenda. Akaguna. Kisha akavuta kiti chake cha plastiki hadi kwenye kile kivuli chembamba kilichopo, akaketi hapo mpaka jua lilipozama, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mvua za vuli zikija nitapanda mti wa pili. Naufikiria mwembe, kwa ajili ya Babu, ingawa kijana wa kitalu ameshaanza kutikisa kichwa. Kabla ya kubishana naye nitachimba kwanza shimo, nilijaze maji, nitazame yanachukua muda gani kunywewa.